Ulindi na Ulimbombo

Moto wa kupekecha huanza na vijiti viwili. Ulimbombo, wa mti laini uliokauka vyema, hulazwa chini ukiwa umetobolewa kijishimo. Ulindi, ufito mgumu zaidi, husimamishwa humo na kuzungushwa kwa viganja. Wanafunzi niliowaona kambini Mapinga, kwenye vichaka vilivyosalia kati ya barabara ya Bagamoyo na bahari, walifundishwa kazi hii kabla ya kuonja chai. Kibiriti kipo kila duka la barabarani, nao walijua. Hata hivyo, kati ya yote yanayofundishwa porini, kufunga mafundo, kusoma nyota, kutafuta maji, hakuna ninaloliheshimu kama hili.

Anayepekecha hupiga goti na kukanyaga ulimbombo usicheze. Viganja huanzia juu kabisa ya ulindi, huteremka vikisuguana, na vikifika chini ni lazima virudi juu upesi, maana kijishimo kikipoa jasho lote limepotea. Pembeni hukatwa mfereji mwembamba wa kupokea unga wa mti. Unga wa kahawia bado. Ukiwa mweusi, ukaendelea kufuka hata mikono ikiachia, ndani yake mna kaa dogo kama punje ya mtama. Hapo pupa huharibu. Kaa huachwa lishikamane, kisha hudondoshwa kwenye nyuzi za makumbi ya nazi zilizofikichwa, likapulizwa kwa pumzi ndefu na ya taratibu.

Pwani hii haina huruma kwa mpekechaji. Umande wa usiku hulowesha kila kitu, na masika hushinda hata mafundi. Mzee wa Kizaramo aliyekuwa akifundisha huweka vijiti vyake kwenye dari la jiko, moshi uvikaushe, na hakubali kuanza kabla jua halijapanda sana.

Fundi huweza peke yake. Mwanafunzi hutoka malengelenge kabla moshi haujaonekana, kwa hiyo wanafunzi hupokezana: mikono ya mmoja ikikaribia chini, ya mwenzake imeshashika juu. Niliwatazama wasichana wawili ambao asubuhi hawakuwa wakisemezana. Kazi ilipokolea, kila mmoja alijua pumzi ya mwenzake inapoishia, akaingia bila kuitwa. Hakuna mhadhara wa ushirikiano ambao ungeweza kuwafikisha pale.

Wamaasai, ambao wengi sasa wanachunga na kulinda nyumba huku Pwani, wamejenga malezi yao juu ya moto huohuo wa kupekecha. Rika jipya la vijana linapoanzishwa, wanaolipekechea moto si wa rika lililo juu yake moja kwa moja, ni wale wa rika la pili juu yake. Wazee hao, olpiron, huwa walezi wa vijana hao, wenye haki ya kuwaonya, kuwabariki na hata kuwalaani. Naona wana haki kabisa. Moto uliotoka mikononi mwa mtu humfanya awe na neno juu ya maisha yako.

Wazaramo nao wana mti wa mkole. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi Bunju, jirani kabisa na Mapinga, katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1970 mila za mwali na mti huo wenye matunda mengi, ishara ya uzazi. Mzee wetu alikata ulindi kwenye mkole, na kabla ya kukata aliuomba ruhusa kwa maneno machache. Wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, walinyamaza. Mwalimu mmoja aliuliza pembeni kama huo si ushirikina. Kwangu mimi ilikuwa adabu: alikuwa akichukua tawi mahali ambapo bibi za watu walifundwa.

Viwanja vinapimwa Mapinga kila mwaka na vichaka vinafyekwa hadi mizizi. Shule zinazopanga kambi zije Julai au Agosti, kipupwe kikiwa kimekausha miti, na zimlipe mzee kama zinavyomlipa mwalimu yeyote wa kualikwa. Mkole ukikatwa kwa uangalifu huchipua tena. Shule yenye uzio haishindwi kupanda mikole mitatu kando yake, na kumwita mzee aonyeshe tawi gani likatwe na lini.