Unbowed: kitabu cha mti ulioachwa

Ukimtaja Wangari Maathai, wengi wetu tunamwona mama aliyeinama na mche mkononi. Picha hiyo si ya uongo. Ndiye aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Lakini hebu soma tena kumbukumbu zake, Unbowed (2006), uone kurasa zenye nguvu kuliko zote zinahusu mti ambao hakuna aliyeupanda.

Ni mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri, chini ya misitu ya Aberdare. Mama yake anamkataza kuokota kuni hapo, kwa sababu huo ni mti wa Mungu. Jirani yake kuna kijito, na mtoto Wangari anajaribu kuyainua mayai ya chura kama shanga za kuvaa. Kila akigusa, yanamponyoka. Miaka mingi baadaye anarudi akiwa mtu mzima: shamba lina mwenyewe mwingine, mugumo umekatwa kupisha chai, kijito kimekauka. Kumbe mizizi ya mti ule ilipenya mwamba na kuyafungulia njia maji ya chini. Katazo la mama lilikuwa sheria ya kulinda chanzo cha maji, ila halikuandikwa popote.

Sasa weka kando yake yale anayosema juu ya misonobari na mikaratusi: msitu wa asili ulifyekwa ipandwe miti ya biashara, na uwezo wa ardhi kuhifadhi maji ukapungua. Yaani mlima unaweza kuwa kijani kibichi na bado usiwe msitu. Hili ndilo wazo gumu la kitabu, na ndilo tunalolisahau tukipanga foleni kupigwa picha na miche.

Hata hivyo, nina ugomvi nacho. Mapambano ya Uhuru Park na msitu wa Karura yanasisimua, sikatai, lakini kadiri siasa inavyopanda ndivyo kijito kinavyopotea machoni petu. Na mto wenyewe unaishia wapi? Maji ya mteremko wa mashariki wa Aberdare huenda Tana, yakazungusha mitambo ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha yakawafikia Wapokomo na Waorma kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Hao wa mwisho kunywa hawana sauti humu. Ningefurahi kupata hata kurasa tano zao, maana wao ndio wanaojua kwanza huko juu kukikatwa.

Bado kisomeni, jamani, na mkifika kwenye mayai ya chura msiende mbio. Kampeni za kupanda miti tutazisikia kila msimu wa mvua. Habari ya mugumo unaopaswa kuachwa tu, bila kuguswa, ni wachache wanaoisimulia hivi.