Fani ya Risiti Ndefu

Risiti ya dukani ni maandishi kama maandishi mengine, na ina fani yake. Nachukua ile ya CVS, mtandao wa famasi ulioanzia Lowell, Massachusetts, mwaka 1963, ambao risiti zake zinajulikana Marekani nzima kwa urefu. Mtu ananunua dawa ya meno tu, anakabidhiwa karatasi inayoning'inia hadi magotini. Wengi huikunja na kuitupa kabla hawajafika mlangoni. Ni hasara, kwani ndani yake mna pesa, na walioiandika wanaijua kazi yao vizuri sana.

Risiti ya kawaida husimulia jambo lililokwisha: tarehe, bidhaa, bei, kodi, jumla, na kiasi kilicholipwa. Ikifika kwenye jumla, imemaliza. Ya CVS ikifika hapo ndiyo kwanza inaanza. Unafuata mstari unaotaja ulichookoa, kisha salio la zawadi zako za ExtraCare, mpango wa CVS wa kuwatunza wateja wake, kisha kuponi moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Wakati wa vitenzi nao hubadilika. Juu ni habari ya ulichokwisha kununua. Chini ni amri: tumia, pata, rudi kabla ya tarehe fulani. Shahidi wa manunuzi amegeuka mpiga debe, na yote yamo kwenye karatasi moja isiyokatwa.

Mstari wa "umeokoa" umewekwa mahali pazuri kupita pote, palepale jicho linapotua baada ya kuona jumla na moyo kushtuka kidogo. Lakini akiba hiyo hupimwa kwa bei ya rafu, na bei ya rafu imepangwa na duka lenyewe. Famasi hizi mara nyingi huuza sabuni na shampuu ghali kuliko maduka makubwa ya bei nafuu. Unaweza basi kuandikiwa kwamba umeokoa dola 4, na bado ukawa umelipa zaidi ya jirani aliyenunua chupa ileile Walmart bila kuponi yoyote. Hesabu ya mstari ule ni sahihi. Kinachokosekana ni bei ya upande wa pili wa barabara, na hiyo msomaji lazima aijue mwenyewe.

Sasa tutazame herufi. Kwenye kuponi ya asilimia 40, namba ni kubwa na nene, na inakusemesha wewe moja kwa moja. Chini yake, kwa herufi ndogo, nafsi ya pili hupotea na vifungu havisemi na mtu: bidhaa moja tu, yenye bei ya kawaida, zilizo kwenye ofa hazihusiki, dawa za kuandikiwa na daktari, pombe, kadi za zawadi na bahati nasibu hazihusiki. Thamani ya kuponi imo katika vifungu hivi. Kwa kuwa haigusi kilichokwisha kushushwa bei, inafaa kwa kitu ghali ambacho hakiingii kwenye ofa mara kwa mara na ambacho ulikuwa ukinunue hata hivyo: vitamini za mama mjamzito, kwa mfano. Kuitumia kwa chokoleti ni kuipoteza.

Zawadi za ExtraCare, ziitwazo ExtraBucks, ndizo zinazotaka usomaji wa makini kuliko zote, kwa sababu zimevaa sura ya fedha. Tuseme tangazo linasema: tumia dola 30 kwa sabuni za kufulia, pata dola 10 za ExtraBucks. Akili huikimbilia theluthi moja. Fuata mpangilio wa matukio, maana ndimo fani inamofanya kazi. Kwanza unatoa dola 30 zote. Ukiishia dola 28, hupati kitu. Halafu zile 10 huja kama zawadi yenye tarehe ya mwisho, inayotumika kwa CVS tu. Ukinunulia vitu vya dola 10 unavyovihitaji kweli, umepata vya dola 40 kwa dola 30, yaani punguzo la asilimia 25. Ukinunua cha dola 7, chenji hairudi. Ukisahau tarehe, ulilipa bei kamili. Mnunuzi hodari hupanga manunuzi ya pili kabla hajafanya ya kwanza, zawadi ya leo ikalipia ofa nyingine itakayozaa zawadi nyingine.

Kuponi ya kiwanda ni utanzu tofauti, na mimi naipenda zaidi kwa uwazi wake. Ina hadhira mbili. Maneno makubwa humwambia mnunuzi kwamba atapunguziwa dola moja. Maneno madogo humwahidi mwenye duka kwamba atarudishiwa dola hiyo, na mara nyingi senti 8 juu yake kwa usumbufu. Nyingi hutaja pia kwamba thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti, mabaki ya sheria za majimbo zilizotungwa zama za stempu za biashara, zile ambazo wanunuzi walizikusanya na kuzibadilisha kwa zawadi. Kwa kuwa mlipaji wake ni kiwanda, CVS hukubali uiweke pamoja na kuponi ya duka kwa bidhaa moja. Hapo ndipo akiba kubwa ilipo: walipaji wawili, chupa moja.

Utanzu huu ulikulia famasini. Coca-Cola iliuzwa kwanza mwaka 1886 katika famasi ya Jacobs, Atlanta, na kabla ya muongo ule kwisha kampuni ilikuwa ikigawa kadi za glasi moja ya bure. Kadi ile haikudai utumie kwanza kiasi fulani. Masharti marefu ni uandishi wa zama zetu.

Siku hizi kuponi nyingi zimehamia kwenye simu, na lazima uziguse ziingie kwenye kadi yako ya ExtraCare kabla ya kufika kwa keshia. Karatasi imefupika, lakini mzee asiye na simu janja amefungiwa nje ya bei ambayo zamani ilimfikia mkononi. Hilo ni kosa, na kampuni hizi zinapaswa kulirekebisha.

Rite Aid, mtandao mwingine wa famasi uliokuwa na mpango wake wa pointi, ilifunga maduka yake ya mwisho mwaka 2025. Pointi ni ahadi, na ahadi huishi kwa kadiri mtoaji anavyoishi. Kwa hiyo ndugu msomaji uliyehamia Louisville au Minneapolis, usizirundike. Risiti ikitoka, anza kuisoma chini: tarehe, masharti, kisha kiasi. Kuponi zinazohusu vitu vilivyomo kwenye orodha yako ya nyumbani, zikate uzitumie mapema. Zilizobaki zitupe bila majuto.