Uzi Uliopangiwa Siku Zake

Pakiti ya foili huchanwa jeraha likiwa tayari kushonwa, si kabla. Ndani mna sindano iliyopinda, na mkiani mwake uzi wa zambarau. Ukiutazama kwa karibu utaona ni nyuzi nyembamba mno zilizosukwa pamoja na kupakwa kilainishi ili zipite kwenye nyama bila kuikwaruza. Uzi huu ni poliesta, na adui wake ni maji. Kwa hiyo hufungwa ukiwa mkavu kabisa, hutakaswa kwa gesi badala ya mvuke, na pakiti ikishafunguliwa, kilichobaki hutupwa. Unyevu wa hewa ya Tanga au Mombasa unatosha kuanza kuudhoofisha.

Ila hiyo ndiyo iliyowakimbiza wakemia wa mwanzo. Miaka ya 1930 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza poliesta za ukoo huu, wakaona nyingi zinayeyuka kwa joto dogo na hazistahimili maji. Wakageukia kazi iliyozaa nailoni. Baadaye wengine waliiangalia ila ileile wakajiuliza ingefaa wapi. Edward Schmitt na Rocco Polistina walipata hataza ya uzi wa upasuaji wa asidi ya poliglikoliki mwaka 1967, na mwaka 1970 ukaingia sokoni. Hadi hapo, uzi wa kuishia mwilini ulitoka kwenye utumbo wa kondoo na ng'ombe, ukaliwa na vimeng'enya kwa kasi inayotofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Maji, kinyume chake, yamo katika kila mwili, na joto halitoki mbali na nyuzijoto 37.

Kifungo cha esta, kinachoshikilia minyororo ya poliesta, huundwa asidi na alkoholi zinapoungana na kutoa maji. Maji yakirudi, kifungo huachia. Maji huanza pale minyororo ya molekuli ilipokaa ovyo, ndipo yafikie ilipobanana. Na mnyororo mrefu ukikatwa katikati, uzi haupungui uzito, lakini nguvu zake zimeshapungua. Mshono waweza kuonekana mzima na usiwe na uwezo wa kushika chochote, na isiwe hasara, kwa kuwa nyama imekwisha kujishika yenyewe. Hapo ndipo ninapostaajabu zaidi.

Uzi wa aina hii uitwao poliglaktini 910 una sehemu tisa za glikolidi na moja ya laktidi. Baada ya wiki mbili hubaki na takriban robo tatu ya nguvu, baada ya tatu nusu, na kufikia siku ya 70 umekwisha, vipande vyake vikiwa asidi ambazo mwili unajua kuzichoma. Ukuta wa tumbo hupona polepole, hivyo daktari huchukua uzi wa polidioksanoni, unaokaa karibu miezi sita.

Unene nao una mambo yake. Katika vipande vinene vya asidi ya polilaktiki, poliesta nyingine ya ukoo huu, asidi inayozaliwa ndani hukosa pa kutokea, ikaharakisha ukataji; kiini huoza ganda likiwa bado gumu. Michel Vert na watafiti wenzake wa Ufaransa walilieleza hilo kwa makini.

Kwa mama aliyechanika akijifungua, ipo poliglaktini iliyopigwa miale ya gama kiwandani ili baadhi ya minyororo ikatike mapema. Hupoteza nusu ya nguvu ndani ya siku tano hivi, na mama hahitaji kurudi kliniki kutolewa nyuzi.