Fundi wa Kutafsiri Sinema

Unguja ilijengewa jumba la fahari, Royal, lililochorwa na Mwingereza John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1921. Huku kwetu Kitale na Bungoma, vijana wengi sinema tumeijulia kibandani: mabati, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni imewekwa juu watu wote waione, na kiingilio cha shilingi 10 au 20. Ubao wa nje uliandikwa jina la filamu, na kando yake jina la aliyeitafsiri. Mara nyingi hilo la pili ndilo lililojaza mabenchi.

Nataka kumsifu huyo mtafsiri. Aliye mashuhuri zaidi kati yao nchini Kenya ni DJ Afro, na ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba hatafsiri neno kwa neno. Anaisimulia filamu upya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, huku picha zikimfuata. Mzee, mama, jambazi na polisi wote wanapita katika koo moja. Majina ya Kichina ya wahusika yasiyokaa masikioni huwekwa kando, na mhusika hupewa jina kutokana na sura yake, kipara au madevu, ili hata aliyechelewa kuingia amtambue. Steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, naye haulizwi ni nani.

Ugumu wa kazi uko kwenye sauti. DJ akianza kusema, mlio wa filamu hushushwa. Ngumi ikikaribia kutua, hunyamaza na kuupandisha, ngumi ilie yenyewe. Akichelewa kidogo tu, pigo linamezwa na maneno. Kwa hiyo lazima awe ameitazama filamu mapema na kujua kila mahali pa kupumulia. Safari ndefu ya farasi, ambayo mtengenezaji aliiweka kwa ajili ya mandhari, yeye huitumia kukumbusha nani alimuua baba ya nani. Wimbo wa Kihindi ukianza, fundi mzuri hueleza kwa ufupi wapenzi wanaahidiana nini, kisha anawaachia wimbo wao. Asiye fundi huongea hadi mwisho. Mimi hapo ndipo ninapowapimia.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Japani ilikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya filamu zisizo na sauti, na watu walikwenda kumsikiliza benshi waliyempenda. Afrika Mashariki, kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, uliweka maelezo kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, ukazungusha filamu hizo kwa gari. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalitembea na mtu wa kueleza kwa kipaza sauti. Dar es Salaam ikampata msimulizi Lufufu. Uganda, ng'ambo tu ya Malaba na Lwakhakha, ikawapata akina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda.

Kwa mji kama Kitale, kazi hii ilikuwa na uzito wa pekee. Kwenye benchi moja walikaa Mbukusu, Mturkana, Mpokot, Mkikuyu na Msabaot, wengine hawajasoma Kiingereza cha kutosha kufuata maandishi yanayopita chini ya picha. Walicheka kwa pamoja, kwa sekunde ileile, kwa sababu ya Kiswahili cha mtu mmoja. Sijui darasa lililofunza lugha hii kwa furaha kiasi hicho.

Najua kuna swali la haki za wenye filamu, na ni swali la kweli. Lakini usimulizi wenyewe ni kazi ya DJ, na ndiyo inayopotea. Kanda ziliharibika, diski zimekwaruzika, na sasa kijana anatazama peke yake kwenye simu. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalitokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyehifadhi hata vipepeo na wadudu wengine wa nchi hii. Sauti hizi nazo zinastahili rafu humo. Mwenye diski za zamani nyumbani asizitupe: azinakili sasa, aandike jina la msimulizi na mahali ziliponunuliwa, kisha azipeleke makumbushoni.