Mchele wa Ndungu na sheria za mwanachama mpya

Mpunga wa skimu ya Ndungu, chini ya milima ya Upare upande wa mashariki, ukishakobolewa una barabara mbili. Moja inapita Kihurio hadi Mkomazi na kuingia lami ya Dar es Salaam. Nyingine inapita Maore na Kisiwani hadi Same mjini, kisha Mwanga, Himo na mpaka wa Holili. Ng'ambo ni Taveta, Kenya. Kwenye barabara hii ya pili mkulima anakutana na sheria zilizotungwa mbali naye: ushuru wa mchele wa Pakistan, cheti cha uasili wa bidhaa, kiwango cha sumukuvu. Nchi mpya ikiingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, sheria hizo zinaguswa upya. Ndiyo maana namna mwombaji anavyokaguliwa inaihusu Same kama inavyoihusu Mogadishu.

Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unataja masharti ya kuingia katika ibara ya 3. Mwombaji awe jirani, aheshimu utawala bora na haki za binadamu, uchumi wake uendeshwe na soko, na sera zake za kiuchumi na kijamii ziendane na za wenzake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sheria zake za soko ziwe zimelinganishwa siku ya kuingia. Timu ya uhakiki inakwenda, inaandika ripoti, Baraza la Mawaziri linajadili, Wakuu wa Nchi wanaamua. Kulinganisha sheria huja baadaye.

Umoja wa Ulaya ulikwenda kinyume na hapo. Croatia iliomba mwaka 2003, ikajadiliana sura kwa sura, jumla 35, kuanzia 2005 hadi 2011, ikaingia tarehe 1 Julai 2013 sheria zake zikiwa zimeshabadilishwa. Sisi Rwanda na Burundi tuliwakubali kwenye mkutano wa Novemba 2006, wakasaini mkataba wa kujiunga tarehe 18 Juni 2007, na tarehe 1 Julai wakawa wanachama kamili. Umoja wa Forodha waliuingia tarehe 1 Julai 2009, miaka miwili baadaye.

Miaka miwili hiyo ilitosha kwa sababu ya jinsi sheria ya forodha ilivyojengwa, na hapa waasisi wanastahili sifa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki, na ibara ya 8 ya Mkataba inazipa sheria za Jumuiya nguvu juu ya za kitaifa katika mambo ya Jumuiya. Mwombaji halazimiki kuandika sheria inayofanana na ya wenzake. Anaiweka kando sheria yake na kuitumia ileile ya Jumuiya. Rwanda ilikuwa na ngazi za ushuru za asilimia 0, 5, 15 na 30. Ikaziacha na kuchukua 0, 10 na 25 zilizokuwa za Jumuiya wakati huo. Fomu zikawa moja, na afisa wa Holili na wa Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, wakawa wanasoma vifungu vilevile. Pembeni, Rwanda ilirekebisha pia sheria zake za kampuni, ufilisi na dhamana za mikopo, ikapanda kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67 katika orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara.

Kasoro haimo katika sheria ya forodha yenyewe. Imo katika ruhusa za kuikwepa.

Mchele ni bidhaa nyeti katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha: asilimia 75, au dola 345 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Lakini nchi mwanachama inaweza kuomba isiutumie ushuru huo kwa muda. Maombi yakikubaliwa yanachapishwa katika gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni, mwaka wa fedha ukianza. Kenya kwa miaka mingi imetoza asilimia 35, na Rwanda 45. Chukua shehena ya mchele wa Pakistan yenye thamani ya shilingi 100,000 za Kenya bandarini Mombasa: ushuru wa pamoja ungeiongezea 75,000, ruhusa inaiongezea 35,000. Mchele wa Ndungu unaingia Taveta bila ushuru, ni kweli, lakini nafuu yake dhidi ya mpinzani imekatwa zaidi ya nusu, na aliyeulima hakuulizwa.

Madhara hayaishii kwenye bei. Mchele ulioingia nchi moja kwa ushuru pungufu ukivushwa kwenda nchi nyingine ya Jumuiya hudaiwa ushuru kamili, kwa hiyo kila gunia mpakani linahojiwa lilikotoka. Tanzania yenyewe iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru mwaka 2013 ili kushusha bei, na baadaye mchele wetu ukatiliwa shaka na majirani. Mkulima wa Upare akalazimika kuthibitisha kwamba alichokivuna shambani kwake kimelimwa Tanzania. Cheti rahisi cha uasili, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000, kilibuniwa kumsaidia mtu wa namna hiyo. Kinafanya kazi pale tu afisa wa upande wa pili anapokiamini.

Kuaminiana huko ndiko sheria iliyolinganishwa isikoweza kukuleta peke yake. Kwa mfano, viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki ni vya pamoja: sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tanzania na Kenya zinatumia namba hiyohiyo. Hata hivyo tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, kikiwemo cheti cha kuonyesha kuwa kiwango hicho hakijavukwa. Fikiria lori lililofika mpakani siku ile. Mkaguzi anachomeka bomba la chuma kwenye gunia, punje zinamwagika kiganjani, na kwa macho hakuna awezaye kusema zina mikrogramu 8 au 18. Jibu liko maabara. Ya nani? Jumuiya ina sheria ya viwango na upimaji tangu 2006, na swali hilo bado lilisimamisha malori.

Sasa tazama waliokuja karibuni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliomba Juni 2019, ikakubaliwa tarehe 29 Machi 2022, ikakabidhi hati ya kuridhia tarehe 11 Julai mwaka huo. Tangu 2012 ni mwanachama wa OHADA, umoja wenye nchi 17 ambao sheria zake za kampuni, mauzo ya kibiashara na ufilisi hutumika moja kwa moja na kuzishinda za kitaifa, na mahakama yake iko Abidjan. Kwa forodha hakuna mgongano mkubwa, kwa kuwa OHADA haipangi ushuru. Mgongano uko kwenye Soko la Pamoja. Itifaki yake, inayotumika tangu 1 Julai 2010, inazitaka nchi katika ibara ya 47 zilinganishe sheria zao, na sheria ya kampuni ya Kongo haibadilishwi Kinshasa peke yake. Mfanyabiashara wa Same anayetaka kufungua duka la jumla Bukavu ataishi kati ya Arusha na Abidjan, na ilifaa jambo hili lipatiwe jibu la maandishi kabla ya sherehe za kusaini.

Somalia iliomba mwaka 2012, ikakubaliwa tarehe 24 Novemba 2023, ikakabidhi hati yake tarehe 4 Machi 2024. Wasomali hula mchele kila siku, na karibu wote unatoka nje. Asilimia 75 ingewaumiza walaji wa Mogadishu, kwa hiyo natarajia ombi la ruhusa. Silipingi. Napinga lijadiliwe baada ya mgeni kuwa amekwisha kuketi, kwa kuwa hapo ruhusa ya muda huzoeleka na kurudiwa Juni baada ya Juni.

Timu ya uhakiki inayofuata ipewe kazi mbili zaidi. Ya kwanza ni orodha ya kila bidhaa ambayo mwombaji hataweza kuitoza ushuru wa pamoja, pamoja na mwaka ambao ruhusa itakoma. Ya pili ni majina ya maabara zake ambazo majibu yake yatapokelewa bila kupimwa tena, na zetu ambazo yeye atazipokea. Orodha zote mbili zichapishwe kwa Kiswahili na kufikishwa kwa wakulima wa Ndungu na Maore kabla Wakuu wa Nchi hawajapiga muhuri.