Radi Ndani ya Tangi

Namsifu fundi anayelisikiliza tangi la mwangwi kabla ya kulitupa. Kwa macho halina fahari: bati refu la sentimita 43 hivi, limefungwa chini ya kasha la amplifaya ya gitaa, ndani yake zimetandazwa springi. Koili ya upande mmoja hutikisa kisumaku kilicho kwenye ncha ya springi. Mtikisiko husafiri hadi ncha ya pili, na koili ya huko huugeuza kuwa umeme tena. Katika matangi ya Aina ya 4, springi moja huchukua milisekunde 33 na nyingine 41, na kwa kupishana huko sikio husadiki kwamba gitaa linapigwa ukumbini. Vinanda vya Laurens Hammond vilitangulia kutumia springi. Kampuni ya Fender ikatoa kisanduku chake cha mwangwi mwaka 1961, na mwaka 1963 ikautia mwangwi ndani ya amplifaya ya Vibroverb.

Kazi huanza kwa mita, na mita inataka mtu anayeielewa. Tangi la 4AB3C1B, ambalo amplifaya ya Twin Reverb hulitumia, hutajwa kuwa na omu 8 pa kuingilia na 2,250 pa kutokea. Hizo ni hesabu za mkondo geu. Mita hupima kwa mkondo mnyoofu, kwa hiyo tangi zima husoma chini ya omu 1 upande wa kwanza na kama 200 upande wa pili. Asiyejua hilo atalihukumu tangi lisilo na kosa. Fundi makini hugusanisha kwanza ncha za mita yenyewe, asome ukinzani wa nyaya zake na kuutoa, maana kwenye kipimo kidogo kiasi hicho hata nyaya hizo huongopa.

Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Mara nyingi si ndani ya koili, ni kwenye uzi mwembamba kama unywele unaotoka kwenye koili kwenda kwenye soketi. Hapo panahitaji kioo cha kukuzia, mkono usiotetemeka na tone dogo la lehemu. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wenyewe.

Kisha amplifaya inawashwa na tangi linagongwa kwa kidole, taratibu. Ikisikika radi kwenye spika, koili ya kutokea na saketi inayoipokea ni nzima. Ubovu utafutwe upande wa kuingilia. Kidole kimoja kimeshapunguza nusu ya kazi! Baada ya hapo hupigwa noti moja ya gitaa na kuzimwa ghafla, fundi afuate mkia wa sauti: katika tangi la 4AB3C1B unapaswa kudumu kati ya sekunde 2.75 na 4, ukififia bila kukwaruza.

Ukibaki mvumo peke yake, tangi si lazima liwe bovu. Huenda lilirudishwa kinyume, koili ya kutokea ikakaa karibu na transfoma ya umeme. Linafunguliwa skrubu, linageuzwa, linajaribiwa upya.