Mwimbaji Alipogeuzwa Tuzo: Uhakiki wa Britney's Dance Beat

Miongoni mwa michezo ya video iliyojengwa juu ya jina la mwanamuziki mmoja, Britney's Dance Beat unastahili kuzingatiwa na wapenzi wa ushairi, kwa kuwa nao umesimama juu ya mizani. Ulitolewa mwaka 2002 na kampuni ya THQ ya Marekani kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, wakati Britney Spears akiwa na umri wa miaka 20 na jina lake likivuma kila pembe ya dunia.

Kisa chake ni chepesi. Mchezaji humchagua mnenguaji na kumwingiza katika usaili wa kuwatafuta watakaocheza nyuma ya Britney ziarani. Nyimbo ni tano tu. Kwenye skrini huonekana duara lenye alama za vitufe. Kiashirio hulizunguka mfano wa akrabu ya saa, na kila kinapoifikia alama, mchezaji hana budi kubonyeza kitufe chake papo hapo, asiwahi wala asichelewe.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba humrudisha mtu kwenye sikio. Anayetegemea macho peke yake aghalabu huchelewa. Anayeufuata mdundo huwahi. Lakini mashine hii inajua kosa moja tu, nalo ni guni. Sisi tuliolelewa na shairi twafahamu kwamba vina vyaweza kutimia, na mizani ikatimia, na ubeti ukabaki mtupu. Hapa kidole gumba ndicho kinachofanya kazi, mwili ukichezewa na picha. Hapana nafasi ya madaha, wala ya yule mchezaji anayechelewa nusu pigo kwa makusudi ili watu washangilie.

Tuulinganishe na Moonwalker, mchezo wa Sega wa mwaka 1990 uliomhusu Michael Jackson. Katika Moonwalker wa Mega Drive, mchezaji ndiye Michael mwenyewe, na ngoma ni silaha: akianza kucheza, maadui hulazimika kucheza naye, kisha huanguka. Ni kisa cha kitoto, lakini kinamwachia msanii nguvu zake. Katika Dance Beat, Britney si mhusika wa kuchaguliwa. Yeye ni kile kinachogombewa. Anayefaulu hufunguliwa picha za video za Britney nyuma ya jukwaa.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Katika taarabu yetu, msikilizaji aliyeguswa huinuka akaenda kumtunza mwimbaji. Tuzo hutoka kwa hadhira kumwendea msanii. Mchezo huu umeugeuza utaratibu huo: mwimbaji mwenyewe ndiye tuzo, na faragha yake ndiyo zawadi ya mshindi.

Yaliyofuata yanaufanya ugeuzi huo usomeke kwa huzuni. Mwaka 2008 mahakama ya Los Angeles iliyaweka maisha na mali yake chini ya usimamizi wa wengine, baba yake akiwa mmoja wao. Juni 2021 alieleza mbele ya mahakama kuwa alishurutishwa kufanya ziara ya muziki, na usimamizi ule haukuondolewa mpaka Novemba mwaka huo. Mchezo haukuyasababisha hayo, wala haukuyatabiri. Hata hivyo, mmoja katika nyimbo zake tano ni Overprotected, wimbo wa kijana aliyechoka kuamuliwa na wengine, na mashine huucheza bila kuusikia: kazi yake ni kuhesabu tu nani kabonyeza kwa wakati.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kama zoezi la mdundo, Dance Beat ni kazi safi, ingawa fupi. Kama kazi inayomhusu msanii, ina kasoro ambayo mshairi yeyote ataitambua: imeshika mizani ya wimbo, ikaliacha neno lake lipite.